Waislamu Mia Tisa wa Kambi ya Juu

Mpendwa Yaya Ramazani,

Waliokuua walikuwa wanakuogopa. Naanza na hilo kwa sababu linaniuma kuliko mapanga yenyewe. Wewe, kaka yangu, mtu uliyekuwa ukimwomba kuku samahani kabla ya kumchinja, walikujia na bunduki kutoka vizuizi viwili, wakaanza kupiga masasi wakiwa bado mbali, kwa kuwa walidhani nyuma yako kuna Waislamu mia tisa. Hawakuwapo. Hao mia tisa niliwaumba mimi kwa kalamu ya bluu, nimekaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba yako.

Leo ni Ijumaa. Jumatatu nimeitwa mbele ya majaji wa kijeshi waliokuja hapa Kasongo kusikiliza kesi yenu. Nimeitwa kama dada wa marehemu, nitaje jina lako na umri wako, niseme kwamba mwili niliouona ulikuwa wako, basi. Hakuna atakayeniuliza habari za hesabu, maana ile ripoti ya hesabu ina jina la shirika la misaada lililonituma, langu halimo. Lakini mwanasheria wa yule wanayemwita Komanda ameishika hiyo karatasi kama ngao. Anasema vijana wake walijitetea, walikuwa wachache mbele ya kundi la watu mia tisa, na si wao wanaosema hivyo, ripoti ndiyo inasema. Nikinyamaza, uongo wangu utamfungulia mlango wa gereza. Nikisema, Zaina, mke wako, atajua ni nani aliyeandika. Na Zaina analala katika chumba changu, Yaya, anakula katika sufuria yangu.

Barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote wa Kambi ya Juu aliyebaki hai. Nimechoka kupewa pole.

Unakumbuka mapatano ya nyumba yetu. Baba alikuwa katekista, Mama alitoka Nyangwe kwa watu wa msikiti, na walipooana wazee walikata shauri: mtoto wa kwanza aende upande wa Mama, wa pili upande wa Baba. Ukawa Ramazani, nikawa Veronika. Hapa kwetu hakuna aliyeshangaa. Wewe ulifunga na mimi nilikuletea maji kwa siri, mimi niliungama dhambi na wewe ulitaka kujua padri amesema nini. Na kila nyama iliyoingia nyumbani ilichinjwa na Mwislamu, hata ya Noeli, ili wajomba wa Nyangwe wakija wasikae wanatazama sahani. Nyumba ngapi za Kikristo Kasongo hii zinafanya vivyo hivyo! Nililijua jambo hili kabla sijajua kusoma. Mtu asije akasema sikujua.

Siku ya komunyo yangu ya kwanza, mzee aliyetuchinjia siku zote alishikwa na homa. Baba akakupa kisu. Ulikuwa na miaka kumi na minne na hujawahi kukata kitu kikubwa kuliko jogoo. Ukasema jina la Mungu, ukakata, lakini mkono ulitetemeka, ukakata nusu. Yule mbuzi akaamka. Akapita katikati ya wageni, koo limefunguka, anapuliza damu kila anapopumua, akaangusha meza ya mchele, akaja kunilalia mimi miguuni na gauni langu jeupe. Sijasahau ule mlio. Baba alikuchapa kwa mpira wa baiskeli hadi mgongo ukapasuka, mbele ya wageni wote, na alipochoka alipumzika kidogo akaanza tena. Na wewe, huku unalia, uliniangalia nilivyolowa nyekundu toka kifuani hadi chini, ukaniambia:

"Vero, huyu amekubatiza mara ya pili."

Nilicheka, na mimi nikala viboko vyangu vitatu.

Baada ya hapo ulijifunza kisu kwa hasira. Ulisema hakuna mnyama atakayeamka tena mkononi mwako. Na hakuamka.

Ulipokwenda Salamabila ulikwenda kuchimba dhahabu kama wenzako, lakini shimo lilikuangukia mguu, ukabaki unachechemea, ukarudia kisu. Ukawa mchinjaji wa Kambi ya Juu. Nilipokuja kukutembelea mara ya kwanza, safari ya pikipiki ya siku nzima, matope hadi magoti, niliona mahema ya plastiki yamebanana, watu wa Fizi, wa Uvira, wa Shabunda, wa kwetu, na kila mmoja na jeraha lake. Wiki ile ile mtu mmoja alipasuliwa kichwa kwa chepeo la kuchimbia kwa ajili ya mfuko wa mchanga ambao haukuwa na dhahabu. Ulimfunga kitambaa, ukamlaza, asubuhi alikuwa amekufa, ukamwosha. Mchana ukachinja kuku wanne. Nilikuuliza unawezaje. Ulisema hapa ukingoja moyo utulie ndipo ufanye kazi, utakufa njaa.

Na chini ya kambi kulikuwa na kile kizuizi. Kamba moja, vijana wa Komanda wenye bunduki, na kila mchimbaji anayepita anaacha sehemu ya mchanga wake. Asiyeacha anavunjwa. Watu wanasema ilikuwa vita ya dini. Uongo mtupu. Wale hawakuwa na dini yoyote, dini yao ilikuwa ile kamba. Mwezi ule shirika liliponipa kazi, walikupiga wewe mdomoni kwa kitako cha bunduki kwa sababu ulikawia kuwapa ini la mbuzi. Ulipoteza meno mawili ya mbele. Ulinipokea unacheka umeziba mdomo kwa mkono, kama msichana anayeposwa, na mimi nikacheka nawe, lakini kuanzia hapo sikuwa mtu wa kuaminiwa kuhesabu kitu chochote.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Shirika lilitaka ile kamba iondolewe kwa vijana, ikabidhiwe kamati ya watu wa kambi, na viti vya kamati vigawanywe kwa kadiri ya wingi wa kila dini, pasiwe na wa kulalamika. Kwa hiyo lazima wajue Waislamu ni wangapi. Wakanichagua mimi, mwalimu wa darasa la tano, mwandiko mzuri, mwenye kaka kambini. Nikapita hema kwa hema, na daftari.

"Dini yako?"

"Andika ile inafaa, Madame."

Mwingine, mchimbaji wa Uvira, alifikiri sana kisha akasema, "Kwa mama mi Mwislamu. Kwa bibi yangu mi Mukatoliki. Mu shimo, mi mutu ya kuomba tu." Mwingine akanipa dini tatu na kuniambia nichague. Mwingine aliona daftari akatoroka, akidhani naandikisha watu wa kizuizi. Siku ya tatu nilikuwa na majina yasiyofika nusu ya hema, na ripoti ilitakiwa mwisho wa juma.

Ndipo ikaja Idi. Watu wakajipanga nyuma ya nyumba yako na kuku wao, asubuhi nzima, na mimi nikapata akili ya kijinga kuliko zote nilizowahi kupata. Nikakaa juu ya ndoo nikahesabu kuku. Kuku mmoja, nyumba moja. Nyumba moja, watu saba. Damu ilikuwa inatiririka kwenye mfereji ulioichimbia, inzi wamejaa, wewe unasema bismillahi mpaka sauti inakauka, na mimi napiga vistari.

Uliniona. Hukuwa mjinga.

"Vero, huyu kuku ya Papa Donati, usimuandike. Yee iko mutu ya misa."

"Nitamfuta."

"Na ile ya Mama Albertina. Na ya wale wa kule chini kwa kisima. Wanaleta kwangu sababu wako na mashemeji Waislamu. Haiwezekane kuhesabu watu mu kuku."

"Nitafuta wote, Yaya. Chinja tu."

Sikufuta hata mmoja. Kuku walikuwa mia na thelathini, nikazidisha, nikapunguza kidogo ionekane nimekuwa mwangalifu, nikaandika mia tisa. Wala sikukosea. Nilijua vizuri kwamba zaidi ya nusu ya wale kuku wangeliwa na watu wanaopiga ishara ya msalaba kabla ya kula. Nilitaka idadi iwe kubwa. Nilitaka watu wako wapate viti vingi, ile kamba iwe mkononi mwenu, pasiwe na kijana yeyote wa kukupiga tena mdomoni. Nilifikiri wingi ni fimbo, nikakupa fimbo ya karatasi.

Siku ya mkutano bwana mmoja wa shirika alisoma namba kwa sauti. Komanda alikuwapo, amekaa kwenye kiti cha plastiki, bunduki juu ya mapaja. Akauliza, "Mia tisa? Kweli?" Akaambiwa ndiyo, imehesabiwa. Alitazama vijana wake kama mtu anayetazama akiba ya unga na wageni wako mlangoni. Wewe ulikuwa mbele. Uligeuka, ukanitafuta nyuma kwa macho, ukanipata. Tulipotoka ulinishika mkono juu ya kiwiko, ukanibana hadi nikaumia.

"Hawafike mia tatu, na watoto ndani. Rudi useme."

"Nitawaandikia nikifika Kasongo."

"Apana kuandika. Rudi sasa, useme na kinywa. Wale hawaogope Mungu, lakini mutu wakimuogopa wanamuua."

Nikakuambia unatia chumvi. Nikakuambia ningepoteza kazi, nikakuambia nitafanya Jumatatu. Kesho yake nilipanda pikipiki, wewe ulikuwa umesimama pale njia panda na kaptura yako ya damu, hukupunga mkono. Nilinuna safari yote. Nilifika, nikasahihisha madaftari ya wanafunzi, nikaosha nguo. Siku moja ikapita, ya pili, ya tatu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliimbishwa hivyo shuleni. Mimi sikuvunjika guu, Yaya. Miguu yangu yote mizima.

Siku ya nne asubuhi walikuja. Haya nayajua kwa Zaina, na mengine niliyaona mwenyewe nilipofika. Komanda aliwaambia vijana wake kwamba kwa watu mia tisa hawaendi na fimbo, akaazima wengine wa kizuizi cha pili. Walikuwa zaidi ya sitini. Wanawake walikuwa wanachemsha chai. Masasi yalipita kwenye plastiki za mahema kana kwamba hakuna kitu, na waliokuwa bado wamelala hawakuamka. Walipoona hakuna anayejibu hawakupunguza, walizidisha, kwa sababu walidhani wale mia tisa wamejificha wanawavizia. Kila hema waliliingia na mapanga wakiwatafuta. Hii ndiyo sehemu ambayo siwezi kuivuka. Wangekuta nyinyi wachache mmekaa, pengine wangewapiga, wangewanyang'anya, wangeondoka. Lakini walikuwa wanatafuta watu ambao hawakuzaliwa.

Papa Donati alitoka na rozari imefungwa kwenye vidole. Akawaambia, "Mi Mukristo, wanangu, muniangalie." Mmoja akamjibu, "Muko mia tisa, na weye iko mumoja wao." Wakamkata shingoni na begani, na alipoanguka wakamrudia. Mama Albertina walimmwagia sufuria yake mwenyewe ya maji ya moto kabla ya kumpiga risasi. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba na mbuzi wa watu. Zaina anasema ulimfungua yule mbuzi kwanza, ukampiga teke akimbie, kisha ukaenda mbele na mikono mitupu ukawaita, "Njoni kwangu, mi ndo mukubwa yao," ili wasitazame upande wa choo alikokuwa amejificha yeye. Walikushukia watano. Zaina alitoka akapiga kelele, hakuweza kujizuia, na panga likamchukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Alijilaza chini yako akajifanya maiti mpaka jua likafika katikati.

Nilifika kesho yake. Nilikutambua kwa pengo la meno. Sehemu nyingine za uso hazikuwapo. Nilikuosha mimi, mwanamke tena mtu wa misa, kwa kuwa wanaume waliojua kuosha walikuwa wamelala kwenye mstari mmoja nawe, na hakuna aliyenikataza. Maji yalikataa kuwa meupe. Tulizika watu ishirini na mmoja. Kumi na mmoja walikuwa Wakristo, na ile ndiyo hesabu pekee niliyoifanya sawasawa kule Salamabila.

Sasa Zaina yuko hapa. Nilimfunga mkono, nilimlisha mboga ya sombe kwa kidole kama mtoto mchanga. Amekuwa ndugu yangu. Kila tunapokaa kula, kabla ya tonge la kwanza, anamwapiza yule mtu wa shirika aliyeandika mia tisa. Anadhani ni bwana fulani wa Bukavu. Anasema, "Mungu amukaushe mukono yake." Na mimi nimekaa mbele yake, bugali mkononi, naitikia Amina. Jana nimeitikia. Leo mchana nimeitikia.

Nitaishia hapa kwa leo.

*

Ni Ijumaa tena, Yaya. Nimesema.

Walikuwa wameweka hema kubwa, majaji mbele, wajane kwenye mabenchi ya kushoto, Zaina benchi la pili. Nilitaja jina lako. Nilitaja umri wako. Jaji mkuu akaniambia asante, naweza kukaa. Miguu ilitaka kukaa, nakwambia kweli, ilikwisha kukunja magoti. Nikasema, "Bwana Prezida, ile mia tisa niliandika mimi, na ni uongo." Mwanasheria akaruka kupinga, jaji akamkalisha. Nikaeleza kuku. Watu wengine walicheka, Yaya, kwenye kesi ya mauaji, wakacheka kwa sababu kila mtu Kasongo anajua kuku wa Wakristo wanachinjwa wapi. Nikaeleza kwamba ulinionya mara mbili. Jaji akauliza, basi wanaume wa kupigana walikuwa wangapi? Nikamhesabia kwa majina, hema moja baada ya jingine, kama alivyonisimulia Zaina tukichambua mboga. Walikuwa thelathini na watatu, na miongoni mwao mmoja kilema wa mguu.

Komanda aliinua kichwa. Wiki zote hizi alikuwa anatazama chini. Alinitazama mimi, akasema polepole, bila kuulizwa, "Kumbe walikuwa tu hao?" Alisema kama mtu aliyeuziwa mzigo mbovu. Nilitaka kumrukia nimng'oe macho, na papo hapo nikaona kwamba mimi na yeye tulikuwa upande mmoja wa ile namba. Mwanasheria wake alikunja karatasi akaiweka mfukoni. Hukumu bado. Lakini neno la kujitetea hawalitaji tena.

Nilipotoka, Zaina alikuwa ananingoja kwenye jua. Alinipiga mdomoni kwa ule mkono wa vidole vitatu, kwa nguvu zote, mdomo ukapasuka. Akapiga tena. Wajane wengine walisimama wakatazama, hakuna aliyemshika, na mimi sikuinua mkono. Nilikuwa nangoja atukane, alie, aniapize kwa jina langu sasa. Hakuniapiza. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayefanya hesabu:

"Siku ine, Vero. Ungetuambia tu siku ya kwanza, hata kama uongo uliisha kusema. Tungekimbia na miguu. Ramazani angenibeba mu mugongo na ile mguu yake mbaya, tungefika."

Nilimwambia ndiyo.

Alikwenda nyumbani, akafunga vitambaa vyake, akaosha sahani aliyokuwa akilia chakula, akaifunika. Amehamia Nyangwe kwa wajomba.

Nasikia watu wanasema nimefanya ushujaa. Usiwasikilize. Ushujaa ulikuwa pale nje ya mkutano uliponibana mkono, nao ulikuwa wako, mimi nikauita chumvi. Shirika limeniandikia, wanataka namba mpya, sahihi, ya waliobaki, kwa ajili ya kamati. Nimewajibu kwamba waende wenyewe, wakae na watu, waulize majina, na wakiona kuku wasimhesabu mtu.

Pumzika, Yaya. Sikuombi msamaha. Nakujua, ungenipa kabla sijamaliza kuomba.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Veronika